Silinda ya haidroliki mahali pa toplinki

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima mahindi na alizeti Ismani, mkoani Iringa, kwa trekta la nguvu za farasi 75 na jembe la sahani tatu lenye uzito wa kilo 450 hivi. Kila udongo unapobadilika hulazimika kushuka ili nizungushe kwa mkono toplinki, yaani kile kiungo cha juu kinachounganisha jembe na trekta, kwa hiyo nataka kufunga silinda mahali pake. Dukani nimeonyeshwa mbili: ya kipenyo cha ndani cha milimita 50 yenye tundu moja la mafuta, iliyotoka kwenye tela la kumwaga mzigo, na ya milimita 63 yenye matundu mawili na fimbo ya milimita 35, ambayo ina urefu wa sentimita 60 ikiwa imefungwa na 85 ikifunguka yote. Toplinki yangu huitumia kati ya sentimita 56 na 70. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu yetu wa Ismani, kwa vipimo ulivyotuandikia usichukue hata moja, ingawa ile ya pili iko karibu sana na unayoihitaji.

Silinda ya tela husukuma tu, na hurudi kwa uzito wa mzigo. Toplinki haifanyi kazi ya namna hiyo: jembe likiwa ardhini mara nyingi huisukuma kuelekea kwenye trekta, lakini ukilinyanyua ili ugeuke mwisho wa shamba, uzito wote hulala nyuma na kuivuta. Silinda ya tundu moja ikivutwa hivyo haina mafuta ya kuizuia, nayo itafunguka mpaka mwisho na kuliacha jembe lining'inie.

Kuvuta huko ndiko tunakotaka ukupigie hesabu, kwa sababu muuza spea hutaja kipenyo cha ndani peke yake, na kipenyo hicho hueleza nguvu ya kusukuma. Upande wa kuvuta fimbo imekwisha kula sehemu ya nafasi ya mafuta. Kwa presha ya baa 150, silinda ya milimita 63 husukuma karibu tani 4.8, lakini kwa fimbo ya milimita 35 huvuta karibu tani 3.3 tu. Sasa tazama jembe lako: ikiwa kitovu cha uzito wake kiko sentimita 90 nyuma ya pini za chini zinazolishika kwenye trekta, na pini ya juu, ile ya toplinki, iko sentimita 50 juu ya pini hizo, toplinki huvutwa kwa kilo 810 trekta likiwa limesimama, na makorongo ya njia ya shambani yanaweza kuzidisha mara mbili au tatu. Kwa nguvu, basi, ya 63 inakutosha.

Kinachoikataa ni urefu. Ikiwa imefungwa kabisa bado ina sentimita 60, nawe hufika 56 unapotaka sahani ya mbele izame zaidi. Tafuta ya kipenyo na fimbo hiyo hiyo, inayofunga kwenye sentimita 53 na kufunguka hadi 74 hivi. Pima mwenyewe kwa tepu, kutoka katikati ya tundu la pini hadi katikati ya jingine, wala usiupime mwili wa chuma. Tundu la pini pia lilingane na la trekta lako, milimita 19 au 25 kwa kawaida; pini nyembamba ndani ya tundu pana hugongagonga hadi masikio yapasuke.

Usikubali silinda isiyo na vali ya kufungia mafuta iliyoshikamana na mwili wake. Bila hiyo mafuta hupenya polepole kwenye vali ya trekta, na jembe ulilolisawazisha asubuhi huwa limeinama kabla ya saa sita. Mpira wa mafuta ukipasuka, hakuna kinachoshika. Hakikisha pia kwamba trekta lina vali yenye njia mbili za mafuta, kwani mengi ya zamani yana moja tu ya tela.

Ukishaifunga, ifungue na kuifunga yote mara kadhaa kabla ya kuunga jembe ili hewa itoke, kisha uangalie tena kijiti cha mafuta, maana katika matrekta mengi mafuta ya haidroliki ndiyo hayo hayo ya giaboksi, na silinda mpya imekwisha kunywa sehemu yake.