Baba anataka toba, na shamba la dada zake bado analo

SWALI: Assalamu alaikum, Sheikh. Baba yangu yuko kitandani hapa Langoni, Lamu, na daktari ametwambia tumrudishe nyumbani. Usiku halali. Asema Mungu hatamsamehe, kwa kuwa shamba la minazi waliloachiwa na babu kule Matondoni alilishika peke yake, dada zake wawili wasipate kitu. Mmoja yuko Malindi. Kuna bwana ataka mbuzi na shilingi 40,000 amuondolee dhambi kwa kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani. Tumpe?

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Msimpe hata senti.

Mlango wa toba uko wazi maadamu roho haijafika kooni, na kujuta baba ameshajuta. Kinachoniudhi ni hawa wanaopita majumbani mwa wagonjwa na sahani na zafarani. Mtu hunywa kombe akitaraji shifaa. Halijapata kumrudishia mtu mnazi wake. Haki ya shangazi zako iko kwa shangazi zako. Hata shahidi aliyekufa katika njia ya Mungu, Mtume (S.A.W.) ametwambia husamehewa kila dhambi isipokuwa deni.

Ikiwa babu hakuacha mrithi mwingine, baba ana nusu na kila shangazi robo, kwa aya ya 11 ya Sura An-Nisaa. Wala asije mtu akawaambia fungu hilo la shangazi zako ni wasia, lisizidi thuluthi ya mali. Hilo ni deni, hutolewa kabla ya wasia na kabla nyinyi watoto hamjarithi. Baba na akiri deni hilo mwenyewe mbele ya mashahidi wawili, liandikwe, lipelekwe kwa Kadhi.

Tena alitaje shamba kwa jina. Kila mara naona jambo hili: mgonjwa asema "nisameheni kama nimewakosea", jamaa wamzunguka dada mtu, "sema umesamehe, mwenzio anakwenda", naye kwa haya asema, na shamba libaki palepale. Huko ni kumdhulumu mara ya pili. Akisamehe, ajue anasamehe nini. Akitaka chake, asilaumiwe.

Na yeyote atakayewaambia, nyinyi au jirani zenu, kwamba roho haitoki mpaka pesa zitoke, mfungieni mlango. Hizo 40,000 mpelekeeni nauli shangazi wa Malindi aje baba angali na kauli, na zitakazobaki ziingie kwenye hesabu ya nazi zilizouzwa miaka yote hiyo.