Miezi minne nilidhani nabana, kumbe nasukuma

Ilikuwa chafya moja tu. Nimesimama kwenye foleni, mtoto wangu wa pili mgongoni akiwa na miezi mitano, nikapiga chafya na papo hapo nikahisi nguo ya ndani imelowa mkojo. Nilijipa moyo kuwa ni siku hiyo tu. Ikaja siku ya pili, kisha nikicheka sana, kisha nikishuka ngazi kwa haraka. Nikaanza kutembea na pedi kwenye mkoba, na kila nilikoingia macho yalitafuta choo kilipo kabla ya kitu kingine chochote.

Nilipowauliza waliozaa kabla yangu, waliniambia ndivyo mwili wa mzazi ulivyo, nitazoea. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Tatizo hili ni la kawaida kwa maana kwamba linatupata wengi, lakini si jambo la kuzoea wakati lina tiba.

Misuli inayohusika imetandazwa chini ya nyonga kama machela, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake kumekaa kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa haja kubwa. Mimba huielemea na kujifungua huivuta. Kikohozi cha muda mrefu, unene, kufunga choo na kunyanyua mizigo mizito kila siku navyo huichosha. Kwa hiyo hata asiyezaa anaweza kupatwa, na wengi huanza kuliona tatizo hedhi inapokoma.

Basi nikaanza mazoezi ya Kegel, yaani kubana na kuachia misuli hiyo, yaliyopewa jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Nilibana kwa bidii miezi minne. Mkojo uliendelea kuponyoka vilevile, na nikaapa kwamba mazoezi haya ni porojo. Nilipofika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, alinipima kwa kidole na kuniambia nibane. Nikabana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, unasukuma." Miezi minne yote nilikuwa naikandamiza ile misuli kwenda chini, huku nimeshikilia pumzi na kukaza makalio!

Kwa hiyo kama unaanza leo, usihesabu chochote kwanza. Tafuta msuli. Lala chali, kunja magoti, halafu fanya kama unazuia ushuzi usitoke mbele za watu, na wakati huohuo unazuia mkojo. Utahisi kitu kinavutwa ndani na kupanda juu. Ukitumia kioo, utaona msamba, ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa, unainuka. Msamba ukitokeza nje, ujue unasukuma kama mimi. Mapaja na makalio yatulie, pumzi iendelee. Kukatisha mkojo katikati unaweza kujaribu mara moja tu ili uutambue msuli; usigeuze kuwa zoezi, maana kibofu kinaweza kushindwa kujimaliza vizuri.

Baada ya hapo hesabu ni rahisi. Mimi nilianza kwa kushikilia sekunde 3, nikapanda polepole hadi 10. Bana, achia kabisa, pumzika kwa muda uleule, rudia mara 10. Kisha bana na kuachia harakaharaka mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, kwa angalau miezi 3. Nilikuwa nafanya kila ninaponyonyesha, la sivyo ningesahau. Ukizoea kufanya ukiwa umelala, fanya umekaa, halafu umesimama, kwa sababu chafya haikusubiri ulale.

Na kuna ujanja mmoja ulionisaidia mapema kuliko yote: bana kabla ya kupiga chafya, kukohoa au kunyanyua mtoto. Wiki chache tu, mwili ukawa unafanya wenyewe.

Huko "kuachia kabisa" nilikotaja, msikuruke. Wapo wanawake ambao misuli yao haijalegea bali imekaza kupita kiasi: tendo la ndoa linauma, mkojo unatoka kwa shida. Rafiki yangu mmoja alikuwa hivyo, na kila alivyobana maumivu yalizidi. Yeye alifundishwa kulegeza, kwa kuvuta pumzi nzito inayojaza tumbo, kwanza kabisa kabla ya kubana chochote.

Maji msipunguze. Nilijaribu, mkojo mzito ulinichokoza kibofu na safari za choo zikaongezeka. Choo kikiwa kigumu kishughulikieni, maana kusukuma kila asubuhi kunabomoa mnachojenga.

Ukiona damu kwenye mkojo, ukihisi kama kuna uvimbe unashuka ukeni, au mkojo unauma na una homa, nenda kwa daktari kwanza. Ukifa ganzi sehemu za siri na ghafla ukashindwa kukojoa au kuzuia haja, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mimi nilianza kuona tofauti karibu na wiki ya nane. Nikipata mafua makali bado naweka pedi nyembamba. Ila kamba naruka tena na binti yangu mkubwa, na anayechoka kwanza ni yeye.