Pochi mpya ya Bitcoin kwenye Debian 11

Pole ndugu. Umesema pochi yako mpya imegoma kufunguka kwenye Debian 11 (toleo la mfumo wa Linux), ikatoa ujumbe "GLIBC_2.34 not found". Ujumbe huo hausemi kwamba mashine yako imeharibika. Programu imeundwa kwa maktaba mpya kuliko uliyo nayo. Debian 11 inakuja na glibc (maktaba ya msingi ambayo programu hutegemea) 2.31, Debian 12 na 2.36.

Usiongeze hazina ya "sid" (tawi la Debian lisilo imara) ili kulazimisha libc6 (kifurushi cha glibc) mpya. Mimi nilijaribu, nikaishia na mfumo ambao hata apt, chombo cha kusakinisha programu, iligoma.

Kwanza zima programu, kisha nakili wallet.dat, faili lenye funguo za pochi yako, kwenye diski ya nje. Toleo jipya likishabadilisha faili hilo, la zamani linaweza kushindwa kulifungua.

Halafu pakua tar.gz (faili lililobanwa) rasmi ya Bitcoin Core, programu yenyewe ya pochi, badala ya kifurushi cha mtu baki. Mara nyingi hukubali mifumo ya zamani. Hakiki alama ya hashi ya faili kwa sha256sum, na saini ya watengenezaji kwa gpg, maana alama za hashi pekee hata mwizi anaweza kuziandika. Ifungulie ndani ya folda yako ya nyumbani, bila sudo (mamlaka ya msimamizi).

Ikigoma bado, tumia kontena (mazingira yaliyotengwa) la Debian 12 kwa programu ya podman. Diski ikiwa ndogo, weka prune=550 kwenye mipangilio ya Bitcoin Core, ihifadhi sehemu ndogo tu ya rekodi za miamala.

Anayejitolea kukusaidia kwa faragha akaomba maneno ya siri ya pochi yako, mzuie (block).