Mvuke wa Oili Katika Injini ya Zamani: Je, Bomba Lizibwe?

SWALI: Gari langu liliundwa miaka ya 1950. Kila ninaposimama kwenye foleni, moshi mwepesi hutoka katika bomba linaloelekea chini kando ya injini, na harufu ya oili hujaa ndani ya gari. Fundi amenishauri nilizibe bomba hilo. Je, ni salama?

JIBU: Tafadhali usilizibe. Hata injini nzima hupitisha gesi kiasi kando ya ringi za pistoni hadi kwenye chumba cha krenki (sehemu ya chini ya injini), nayo hubeba petroli isiyoungua, mvuke wa maji na asidi. Gesi hiyo ikikosa njia, presha hupanda na kuisukuma oili nje kupitia sili na gasketi, huku maji yakichanganyika na oili kuwa utando mzito wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa kujazia oili.

Bomba lako hutegemea mwendo wa gari: upepo unaopita kwenye ncha yake huivuta gesi nje, na hewa safi huingia kupitia mfuniko wenye wavu. Gari likisimama, mvuto huo hukoma. Anza kwa kuuosha wavu kwa mafuta ya taa, kisha ukaushe na kuulowesha oili kidogo. Iwapo moshi bado unatoka kwa nguvu, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kwa kuwa huenda ringi zimekwisha, na hapo hakuna bomba litakalokusaidia.

Ringi zikiwa nzima, ningependelea uweke valvu ya PCV (ya kutoa gesi kwenye chumba cha krenki), ambayo magari mapya ya California yalianza kuwa nayo katika modeli za 1961. Huirudisha gesi kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, chini ya kabureta, ili iungue. Chagua valvu ya injini yenye ukubwa kama wa yako, uiunge mahali pasiporukiwa na oili, usije ukainywesha injini oili. Ndipo bomba la zamani lizibwe. Kwa kuwa valvu huingiza hewa ya ziada, kabureta irekebishwe upya. Mwishowe, injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua mfuniko wa kujazia oili na uweke karatasi juu ya tundu: ikinyonywa na kushikilia, mfumo unafanya kazi, ikipeperushwa, kagua valvu na bomba lake la mpira.