Re: Mvinyo wote naona ladha moja, tatizo ni ulimi?

Salama mkuu. Umesema mafunzoni hotelini mnaonjeshwa mvinyo tofauti, wenzako wanataja limau, pilipili manga, vanila, wewe unapata uchachu tu. Mimi nimewahi kuhudumia mezani, na sidhani ulimi wako una shida.

Kwanza, una mafua? Na je, mvinyo umetoka moja kwa moja kwenye friji? Baridi kali huficha harufu, na hiyo vanila ni harufu. Ulimi wenyewe hukupa uchachu, utamu, uchungu na vitu vichache vingine, pamoja na ule ukakasi wa mvinyo mwekundu unaosikika mdomo mzima. Mengine hupanda puani kwa nyuma ya koo, kisha ubongo unayaunganisha hadi unadhani yote yametoka mdomoni. Jaribu: bana pua, weka funda mdomoni, meza, halafu achia pua utoe pumzi taratibu. Hapo ndipo harufu zinapojitokeza.

Wenzako nao usiwaogope sana. Kuna jaribio maarufu la Bordeaux, Ufaransa, lililochapishwa 2001: wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliwahi pua! Kwa hiyo andika unachosikia kabla mwalimu hajataja chochote.

Nyumbani, funga macho unuse karafuu, ganda la limau, pilipili manga, ukitaja kila kimoja. Ubongo hautaji harufu ambayo haujaizoea.