Kwa mhadhiri mpya: tunga swali kwanza, makundi yatafuata

Mhadhiri mpya akiambiwa apunguze kuhutubia darasani, hukimbilia kupanga makundi. "Jadilianeni kuhusu usanisinuru, mna dakika 10." Ikifika dakika ya tatu nusu ya ukumbi iko kwenye simu, na katika kila kundi anaandika mmoja tu. Makundi yenyewe hayana kosa. Watu wamekalishwa pamoja bila kupewa kitu cha kubishania.

Swali linalofaa ni lile ambalo aliyekariri atalikosa. Chukua hili la biolojia ya mwaka wa kwanza: mbegu ya gramu chache imekua ikawa mti mkubwa. Mti ukakatwa, ukakaushwa hadi ukaisha maji. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ilitoka wapi? A, udongoni. B, kwenye maji. C, hewani. D, kwenye mwanga wa jua.

Jibu ni C, maana kaboni na oksijeni zilizojenga mti ule zilitoka kwenye hewa ya ukaa. Lakini mtu anayeweza kukuandikia mlinganyo wote wa usanisinuru bila kusita anaweza kuchagua A, kwa kuwa amezoea kuona mbolea ikitiwa udongoni. Wa D amechanganya nishati na maada. Wa B ama hakulisikia neno "ukakaushwa", ama yuko upande wa mwanasayansi Jan Baptist van Helmont, aliyeumwagilia mti kwenye chungu kwa miaka 5, akakuta udongo haukupungua ila kidogo mno, akahitimisha kwamba mti umeumbika kwa maji. Kazi yake ilichapishwa 1648, kwa hiyo mwanafunzi wa B asionewe aibu.

Unaona kwamba nyuma ya kila jibu lisilo sahihi kuna mtu anayefikiri kwa namna fulani. Jibu ambalo hakuna atakayelichagua halina kazi, liondoe hata yakibaki matatu. Na usiyabuni kichwani. Chukua karatasi 20 za mtihani uliopita, tafuta kosa linalojirudia, ulifanye kuwa moja ya majibu ya kuchagua.

Utaratibu wa kulitumia swali hilo ni ule ulioenezwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alioanza kuutumia 1991. Onyesha swali, kisha unyamaze. Kila mmoja afikiri peke yake kwa dakika 1 hadi 2 na aandike herufi yake kwenye daftari. Piga kura. Mwambie kila mtu amtafute jirani aliyechagua tofauti na amshawishi kwa dakika 2 au 3. Piga kura tena, halafu ndipo ueleze, ukianza na kwa nini majibu mengine yanavutia lakini hayasimami. Yote hayo ni kama dakika 8 hadi 10.

Kura ya kwanza ndiyo usukani. Waliopata wakiwa chini ya 30%, usiwaruhusu kujadiliana, maana kipofu atamwongoza kipofu; rudi nyuma, eleza kwa njia nyingine, upige kura upya. Wakizidi 70%, sentensi mbili zinatosha, songa mbele. Katikati ya hapo ndipo mazungumzo yanapozaa. Mipaka hiyo si amri, ila kwa anayeanza ni vizuri kuishika.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni kunyoosha mikono: wengi husubiri wajanja wanyooshe, ndipo wafuate. Dawa yake ni rahisi. Kila mtu akunje karatasi ya A4 mara mbili ili ipate sehemu nne, aandike herufi moja kubwa katika kila sehemu, aikunje ili herufi aliyoichagua itazame mbele, na wote waiinue hadi usawa wa kifua kwa hesabu ya tatu. Aliye nyuma haoni, wewe unaona. Huna haja ya kuhesabu watu 200. Kupitisha macho kunatosha kujua uko upande gani wa ile mipaka. Ukitumia programu ya kupigia kura kwenye simu, ficha mchoro wa matokeo hadi kura ya pili iishe, la sivyo wataacha hoja na kufuata wengi.

La pili ni uso wako. Ukitabasamu mtu anapotaja C, umeshatoa jibu.

La tatu ni kimya. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa ya sayansi alikuta walimu husubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba kusubiri sekunde 3 au zaidi huongeza urefu wa majibu na idadi ya wanaojibu. Sekunde 3 mbele ya ukumbi uliojaa ni ndefu kama saa. Zihesabu kimoyomoyo.

Viti vilivyogongomewa sakafuni si kisingizio. Mstari wa 1 ugeukie wa 2, wa 3 ugeukie wa 4, tayari una makundi ya watu wanne.

Kwa semina ya watu 30 yenye matini ndefu, gawanya matini vipande 5 na watu katika makundi 6 ya watu 5, kila mmoja katika kundi apewe kipande tofauti. Wenye kipande kilekile wakutane kwanza dakika 15, kisha kila mmoja arudi kwenye kundi lake akafundishe. Wakija 33, kila mmoja wa wale 3 wa ziada ashirikiane kipande na mtu aliye tayari kwenye kundi, usiunde kundi pungufu. Na pita kwenye mikutano ya mwanzo, kwa sababu kosa likiachwa pale litasambaa makundi yote 6.

Maswali mawili katika kipindi cha dakika 50 yatakula karibu dakika 20, hivyo sehemu ya mada lazima uihamishie kwenye usomaji wa nyumbani. Hapo jihadhari: ukifungua kipindi kwa kuwafupishia walichotakiwa kusoma, wataacha kusoma. Fungua kwa swali.

Manung'uniko yatakuja, hasa "mhadhiri hafundishi". Utafiti uliofanyika Harvard na kuchapishwa 2019 ulikuta wanafunzi wa madarasa ya namna hii walijifunza zaidi huku wakihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Waambie hivyo wiki ya kwanza, kabla hawajakasirika. Unaweza kuwatajia pia uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati uliochapishwa 2014: waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi.

Lakini kelele hizo hazitaisha kama mtihani wako bado unasema "taja sifa tano za". Mwanafunzi husoma kinachoulizwa. Angalau theluthi ya alama itoke kwenye maswali ya aina ya ule mti, na swali moja la namna hiyo uwape pamoja na mwongozo wa usahihishaji kabla ya nusu muhula.