Slesi za MRI: milimita 5 na milimita 6 hazigombani

Msomaji wa Lamu ameuliza: ripoti ya MRI ya mamake (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio) inasema slesi, yaani vipande vyembamba vya mwili vinavyopigwa picha kimoja kimoja, zina unene wa milimita 5, mbona kompyuta inaonyesha kutoka picha hadi picha ni milimita 6? Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Inua macho utazame dari ya nyumba yoyote kongwe hapo mtaani. Boriti ina unene wake, na baina ya boriti na boriti pana nafasi. Ukipima kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya jirani yake, unapata unene na nafasi kwa pamoja. Slesi ni vivyo hivyo: unene 5, pengo 1, hatua 6.

Ndani ya faili za DICOM, yaani faili ambazo mashine za hospitali huhifadhia picha, unene umeandikwa kwenye namba (0018,0050), hatua kwenye (0018,0088). Wengi huteleza kwenye hiyo ya pili, wakaiita pengo. Hatukatai, inachanganya, maana kwenye mashine yenyewe fundi mara nyingi huandika pengo, tena pengine kwa asilimia: asilimia 20 ya milimita 5 ndiyo milimita 1. Slesi 24 za namna hii hufunika milimita 143, yaani hatua 23 za milimita 6, kisha unene wa slesi moja. Na anayepima ujazo wa uvimbe atumie hatua. Uvimbe wenye eneo la sentimita 3 za mraba kwenye kila moja ya slesi 4 ni sentimita 7.2 za ujazo. Akizidisha kwa unene anapata 6, na daktari anadhani umepungua.

Pengo lenyewe la nini? Kingo za slesi hazikatwi wima kama boflo kwa kisu kikali. Wimbi la redio humwagikia jirani kidogo, na jirani akiguswa kabla hajatulia, mwangaza wake hufifia. Pengo la asilimia 10 hadi 20 hupunguza hilo. Njia nyingine ni kuruka: 1, 3, 5 kwanza, kisha 2, 4, 6. Ila mgonjwa akisogea baina ya mikupuo hiyo miwili, picha ikitazamwa kwa ubavu hutoka na meno kama msumeno.

Basi si zote zifanywe nyembamba? Ukipunguza unene kwa nusu, ishara inayonaswa na mashine nayo inabaki nusu. Kuirudisha kwa kurudia vipimo kunataka marudio mara 4: dakika 4 zinakuwa 16, na mwenye mgongo unaouma hatalala kimya hivyo. Kwa upande wa pili, kitu cha milimita 2 ndani ya slesi ya milimita 5 huchanganyika na nyama iliyokizunguka, rangi ikapauka. Ndiyo maana tezi ndogo ya chini ya ubongo hupigwa kwa milimita 3 au pungufu, na picha za pande tatu kwa milimita 1 bila pengo; hizo unazigeuza utakavyo. Za hatua 6 ukizigeuza utaona ngazi.

Ukichukua sidii, omba faili za DICOM zenyewe. Picha za JPEG za simu kwa kawaida huja bila namba hizi. Na mama akirudi kupimwa, mpe fundi sidii ya kwanza, umuombe unene na pengo vilevile.